Tiki Kumi na Nne

4 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Natumaini walimu wako hawajakuzeesha. Mimi wa nje mzima, wa ndani ndiye nataka kukueleza.

Nimeona niandike, maana simu zetu zinaishia "haloo, haloo". Wewe simu unaifungia kwenye mtoto wa meza mpaka shule ifungwe, mimi nikiwa ndani ya shimo la lifti mtandao haufiki.

Tangu fundi mkubwa astaafu, lifti arobaini na moja zimebaki juu ya kichwa changu. Majengo tisa, fundi mmoja. Kazi naziandika popote: mgongoni mwa mkono, kwenye boksi la balbu, kwenye kipande cha gazeti ambacho baadaye najifutia grisi, na kazi inakwenda na grisi. Wiki iliyopita nilisahau balbu ya lifti moja ya jengo la kliniki, watu wakapanda gizani siku mbili. Hiyo ni balbu. Nawaza siku nitakayosahau kitu kisicho balbu.

Wewe ofisi ya shule nzima umeiweka kiganjani. Niambie unatumia programu gani ya simu kupanga kazi zako, na mimi nianze nayo leo.

Mdogo wako,
Spana


12 Februari

Spana,

Nimecheka mpaka mkuu wa shule akachungulia mlangoni. Mtu anayefungua mota na kuifunga bila skrubu kubaki mkononi anashindwa na karatasi!

Sasa sikiliza, usikimbilie programu kabla hujaijua kazi yako. Mwaka jana nilihama programu nne kama mpangaji mgomvi. Ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi, nikawa napaka kazi rangi badala ya kuzifanya. Ya pili ni ya ubao, kazi unazisogeza kutoka safu hii kwenda ile. Nzuri kwa watu wengi, lakini wewe uko peke yako, utamsogezea nani? Ya tatu ilikuwa inalia kila dakika, nikaizoea nikawa siisikii tena. Ninayotumia leo ni orodha tupu: unaandika kazi, unaweka siku, ukimaliza unagusa kiduara, inatokea tiki ya kijani. Basi.

Ukitaka kuchagua, jaribu hivi. Ingia shimoni kusiko na mtandao uone kama inaandika. Iandikie kwa kidole kimoja chenye grisi. Kisha ipe kazi inayorudi kila mwezi uone kama inarudi bila kukumbushwa. Ikishindwa mojawapo, iache hata kama ni nzuri kama bibi harusi.

Na usiandike "lifti ya kliniki". Hiyo si kazi, ni wasiwasi. Andika "pima breki, lifti ya pili, jengo la kliniki". Kila Ijumaa kabla hujatoka kazini, kaa chini uipitie yote.

Dada yako,
Karani


1 Machi

Dada,

Nimechukua hiyo ya orodha, na kwa kweli nalala. Naamka najua naanzia wapi. Hata msimamizi wangu ameniuliza, "Siku hizi umekunywa dawa gani?"

Ila kuna lifti moja naitazama kwa jicho la pembeni, ile ya pili kwenye jengo la kliniki. Kuna mama anafanya usafi pale, wote tunamwita Mama Deki, mcheshi kweli. Ndiye aliyenistua. Alinisimamisha akaniambia, "Fundi, lifti yako siku hizi inachuchumaa." Nikacheka. Akaniambia, "Panda uone." Nimepanda. Inafika ghorofani, mlango unafunguka, halafu inashuka kidogo, taratibu, kama mtu mnene anayekaa kitini. Upana wa kidole kimoja. Breki zimelika. Nimeandika "badilisha breki" na kuomba vipuri.

Sasa nina swali. Kampuni imeleta programu yake ya kazi, kila fundi lazima awemo. Msimamizi anasema nisihangaike kuandika mara mbili: niunganishe orodha yangu na ya kampuni, zitasomana zenyewe. Nikibonyeza, inaniomba ruhusa "kusoma na kubadilisha". Kusoma sawa. Hiyo kubadilisha inanikaa vibaya. Wewe unaonaje?

Spana


9 Machi

Spana,

Njia mbili zilimshinda fisi. Ukiwa na orodha mbili, siku moja utaandika huku ukasahau kule, na lawama itakuwa yako. Hilo neno "kubadilisha" programu zote zinaliomba. Hata yangu imeunganishwa na kalenda ya shule na bado sijaliwa.

Unaogopa nini, mtu mwenye kazi safi? Bonyeza kubali, uendelee na maisha.

Msalimie huyo Mama Deki. Mtu anayesema lifti inachuchumaa ningependa kumjua.

Karani


28 Machi

Dada,

Nilibonyeza. Sasa nisaidie, maana labda ni mimi nisiyejua kuitumia.

Kazi ya breki ya lifti ya pili ina tiki. Sijaibadilisha. Vipuri havijaja. Tiki inasema tarehe ishirini, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo nilikuwa jengo jingine, nimelala chali chini ya kabini ya lifti, simu iko kwenye begi. Nikadhani nimeota. Nikaifuta ile tiki, kazi ikarudi kwenye orodha. Baada ya siku tatu imewekwa tena. Nikaifuta. Leo asubuhi ipo tena, kijani kabisa.

Lifti yenyewe sasa inashuka vidole viwili.

Kuna kitu nimekibonyeza vibaya?

Spana


5 Aprili

Spana,

Usihangaike, haya mambo yapo. Moja, simu ikiwa mfukoni paja linabonyeza. Mimi paja langu limewahi kumpigia mkaguzi wa elimu. Mbili, programu mbili zikisomana huwa zinabishana ipi ina habari mpya, na ya zamani inaishinda mpya. Badilisha neno la siri. Kisha tafuta palipoandikwa historia, gusa hiyo kazi, itakuonyesha nani kaweka tiki na saa ngapi. Ukishamjua mchawi, umepona.

Ikishindikana, itoe programu uipakie upya. Kazi zako hazitapotea.

Karani


11 Aprili

Dada,

Nimeangalia historia. Nani kaweka tiki: mimi. Kila tiki, jina langu.

Nikamfuata msimamizi ofisini. Nilimkuta anakula karanga. Nikamwonyesha. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Ah, hiyo. Kazi ikipita siku tatu haijafungwa, mfumo unaifunga wenyewe."

"Kwa jina langu?"

"Sasa kwa jina la nani, kazi si yako?"

"Lakini breki haijabadilishwa."

"Itabadilishwa. Sisi tunapimwa kwa ripoti, kaka. Ripoti ikiwa nyekundu mwenye jengo anatafuta kampuni nyingine, na wewe na mimi tunarudi nyumbani. Vipuri vikija utafunga, nani atajua?"

Nikaomba nijitoe kwenye programu yao. Akasema ukishaunganisha hutoki mpaka wao wakutoe.

Basi nikafanya la kwangu. Nilipanda chumba cha mashine nikazima swichi kuu ya lifti ya pili, nikatundika kibao HAITUMIKI kila ghorofa. Kesho yake nafika, vibao vyote vimetolewa, lifti inapanda na kushuka imejaa watu. Madaktari walilalamika kwamba wagonjwa wanapanda ngazi. Msimamizi akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha mashine. "Ukitaka kuingia, niombe."

Imefika kiganja kizima, dada. Mlango unafunguka na kabini inaendelea kwenda chini. Mama Deki ameacha kuipanda, anabeba ndoo zake kwa ngazi ghorofa tano. Amenitania kwamba nikizeesha magoti yake nitamwoa. Sikuweza kucheka.

Nifanyeje? Nijibu haraka.

Spana


2 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeifungua leo. Tulikuwa likizo, ofisi imefungwa, imelala sakafuni chini ya mlango wiki mbili na zaidi huku mimi nikipanda maua. Nimeisoma nimesimama, mkoba bado begani. Nimekupigia mara sita, hupatikani.

Usimngoje msimamizi. Mwandikie mwenye jengo mwenyewe, leo. Piga picha ya hiyo kabini iliyoshuka, rula iwe pembeni. Piga picha za hizo tiki na saa zake. Waambie madaktari kwa mdomo wako kwamba lifti ile itaua mtu. Wakikufukuza kazi, njoo kwangu, chumba kipo na wali upo.

Nilikwambia bonyeza kubali. Najua nilikwambia.

Dada


4 Mei

Dada,

Salamu. Samahani kwa kuchelewa. Mambo hapa yametulia, usiwe na wasiwasi. Jana alikuja mkaguzi wa lifti, amepita majengo yote na ameondoka ameridhika. Vipuri vimeshaagizwa.

Simu yangu ilikuwa na tatizo la chaji. Naona hata ile programu imetulia.

Wasalimie nyumbani.

Ndugu yako


13 Mei

Spana,

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Nimeisoma yako mara nne. Ina mistari saba na hujanitania hata kwa mmoja. Hujatia sahihi jina lako. Lifti ya pili hujaitaja.

Vipuri vimeagizwa, au vimefungwa? Mkaguzi ameridhika na breki, au na ripoti?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nijibu kwa neno moja tu, nitalielewa.

Dada


27 Mei

Dada,

Usinitafute kwa simu, wameichukua wapelelezi. Nakuandikia kwenye meza ya jirani.

Ilitokea tarehe kumi na tano, siku mbili baada ya wewe kuandika, na barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba. Saa mbili asubuhi, ghorofa ya tano. Mama Deki alikuwa anatoka kwenye lifti ya pili kinyumenyume, anavuta kigari chake cha ndoo. Mguu mmoja umeshakanyaga nje. Lifti ikaanza kushuka mlango ukiwa wazi, na safari hii haikusimama kwenye kiganja. Watu walishika kile kigari wakadhani kitaizuia.

Yu hai. Mguu wa kushoto wameukata juu ya goti.

Mimi nilikuwa jengo la pili kutoka pale. Nilisikia watu wanakimbia, na nilijua kabla sijaambiwa.

Barua yako ya tarehe mbili ilinifikia nimeshalifanya nililokuficha; sasa nikuambie. Siku ile ya mkaguzi, tarehe tatu, msimamizi aliniita chumba cha mashine. Mkaguzi alikuwa amesimama na kalamu. Alisema hatazami tiki za mfumo, anataka fundi athibitishe mbele yake. Msimamizi akanitazama. Akasema taratibu, "Mwonyeshe, kaka, ile ya breki." Nilikuwa na simu mkononi. Breki ilikuwa hatua mbili kutoka nilipo, mkaguzi angeinama tu angeiona. Hakuinama. Nikawaza kodi, nikawaza kwamba vipuri vinakuja Jumatatu, nikawaza mambo mengi kwa muda mfupi. Nikagusa kile kiduara.

Kampuni imewapa wapelelezi ripoti. Breki ya lifti ya pili: tiki kumi na nne, zote jina langu. Mara nilizozifuta haionyeshi. Msimamizi amesema aliamini kazi ya fundi wake. Kumi na tatu zile sikuziweka mimi. Ya kumi na nne niliiweka.

Spana


31 Mei

Mdogo wangu,

Nimelia, nimemaliza, sasa tuzungumze.

Barua zako zote ninazo kwenye faili, unanijua. Zina tarehe na mihuri ya posta. Zinaonyesha uliomba vipuri, uliifuta tiki, ulizima lifti, ulinyang'anywa ufunguo. Mwanasheria wa hapa mjini amezisoma akasema zinaweza kumgeuzia kibao msimamizi wako. Tarehe nane Juni anazipeleka kwa mpelelezi.

Sikumpa hii ya mwisho. Nimemwambia kwamba baada ya ile ya tarehe nne Mei hujaniandikia. Unanielewa? Haikunifikia. Posta zinapoteza barua kila siku. Tiki kumi na tatu ni za mashine, nani ataitofautisha ya kumi na nne? Mkaguzi hatasema, naye anajiogopea. Mimi ndiye niliyekwambia bonyeza kubali, acha nami nibebe changu.

Kitu kimoja tu kinanizunguka kichwani, na nakuuliza mimi kabla hajakuuliza mtu mwingine. Uliniandikia kwamba Mama Deki ameacha kuipanda ile lifti, anabeba ndoo kwa ngazi. Ilikuwaje akaipanda?

Dada yako


5 Juni

Dada,

Swali lako nimetembea nalo tangu lilipofika. Jana nilikwenda hospitali.

Nilidhani nitakuta ndugu zake wanifukuze. Alikuwa peke yake, amegeukia dirishani, shuka limelala tambarare mahali palipopaswa kuwa na mguu. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka, "Marahaba, fundi." Nikasimama tu na mfuko wangu wa machungwa kama mjinga.

Akaniambia wapelelezi walikuja wawili, na karatasi. Wakamuuliza mengi. Mwisho wakamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyemwambia kwamba lifti ni salama. Akawaambia kichwa kinamuuma, waje siku nyingine.

"Sikuumwa kichwa," akaniambia. "Nilitaka kwanza nione kama utakuja."

Hili hulijui, dada. Nilikuandikia habari ya tiki nikajiona nimemaliza kutubu. Siku ile, baada ya mkaguzi kuondoka, nilishuka kwa ngazi nikakutana naye ghorofa ya tatu. Ndoo mbili mikononi, anahema, ameegemea ukuta. Akaniuliza, "Mkubwa wako na yule wa kalamu wamefika juu, basi imetengenezwa?" Msimamizi alikuwa nyuma yangu, ngazi mbili juu. Sijui kama ndiyo sababu. Hata asingekuwepo, sijui. Nilimwambia, "Imetengenezwa, mama. Panda."

Akanishukuru, dada. Akaniombea na dua.

Siku kumi na mbili aliipanda kwa sababu yangu. Kila asubuhi nilipita jengo lile nikajiambia leo nitamwambia, na kila asubuhi nilimkuta ameshapanda. Hakuna programu iliyoandika neno lile, hakuna historia ya kuligusa ikaonyesha nani na saa ngapi. Tunalijua yeye na mimi, na sasa wewe.

Kwa hiyo barua ya tarehe ishirini na saba imekufikia. Mpe mwanasheria, na hii pia. Akisema zinaharibu kesi, mwambie ndiyo hiyo kesi. La kubonyeza kubali usilibebe. Wewe ulishauri orodha, mimi nilimwambia mtu apande. Msimamizi atajibu yake, nami sitamfichia hata moja. Lakini sitaki ajibu na yangu.

Kesho saa tatu asubuhi nakwenda kwa mpelelezi mwenyewe, bila kuitwa. Sijui nitatoka saa ngapi, wala kama nitatoka. Jirani ana ufunguo wa chumba. Vifaa vyangu viuze, ila usimuuzie mtu wa kampuni.

Nilipoaga pale wodini, Mama Deki alinigeukia kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, "Unakwenda kuwaambia, au unakwenda tu?"

Nikamwambia nakwenda kuwaambia.

Alinitazama muda mrefu, kisha akarudisha uso dirishani. Mara ya mwisho nilipomwambia jambo, aliniamini.

Mdogo wako